Tumbawe la ngozi limejifunga wiki ya tatu na zenia zinayeyuka: nimekosea wapi?

Binti wa Pangani (Hamburg) ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote kwa heshima. Ninalo tangi la maji ya bahari la lita 240 ambalo limetimiza miezi 14 tangu nilipolipanga miamba. Tangu mwanzo sikutamani matumbawe magumu. Nilitaka yale laini yanayoyumba na mkondo, kwa sababu ndiyo niliyoyaona kwanza nikiwa mtoto, tulipovuka kwa mashua kutoka Pangani hadi fungu la Maziwe nami nikachungulia majini kwa miwani ya kuazima. Yote niliyo nayo yamekatwa kutoka kwenye matangi ya wafugaji wengine wa hapa Ujerumani, na hakuna hata kipande kimoja kilichotolewa baharini.

Katikati ya tangi limekaa tumbawe la ngozi, lile lenye umbo la uyoga ambalo wataalamu huliita Sarcophyton, na kofia yake ina upana wa sentimita 22. Kushoto kwake, kwa umbali usiozidi upana wa kiganja, lipo tumbawe la vidole, yaani Sinularia. Kulia kulikuwa na shamba dogo la zenia, yaani Xenia, nazo ni matumbawe laini pia, mashina kama thelathini, ambazo mchana kutwa zilikuwa zikifumba na kufumbua minyiri yao kama viganja vya watoto wachanga. Mbele kabisa kuna polipu (vile viumbe vidogo vyenye minyiri vinavyounda tumbawe) za Clavularia, na kwenye jiwe moja wapo vifungo vya rangi, wale Zoanthus wanaouzwa pamoja na matumbawe laini. Samaki ni watatu tu na wote wanakula vizuri.

Tatizo lilianza wiki tatu zilizopita. Kofia ya tumbawe la ngozi ilikunjamana, polipu zote zikaingia ndani, na sasa juu yake upo utando unaong'aa kama nta. Nilisoma kwamba hali hiyo ni ya kawaida, kwa hiyo sikushtuka. Lakini baada ya siku tano zenia nazo ziliacha kufumba na kufumbua, mashina yakalegea, na makundi mawili yakayeyuka yakabaki ute wa kijivu. Tumbawe la vidole limenyong'onyea, hasa upande unaolielekea tumbawe la ngozi, na kidole kimoja kimeanza kuwa cheusi kwenye ncha.

Ili mnisaidie kwa haki, nieleze pia niliyoyafanya. Kioo kilikuwa kikishika mwani wa kijani kila baada ya siku mbili, nikaamua kuyasafisha maji kikamilifu: nikaweka chembechembe za oksidi ya chuma za kunyonya fosfeti, na katika wiki hiyohiyo nikafunga taa mpya ya LED yenye nguvu zaidi ya ile ya zamani. Zenia zilipoanza kudhoofika nilinunua chupa ya iodini, nami hudondosha kila siku kiasi kilichoandikwa kwenye chupa. Vipimo vyangu ni hivi: joto nyuzi 26, chumvi 34 kwa elfu kwa refraktomita (chombo kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyoupinda mwanga), KH, yaani ualkali wa maji, digrii 9, kalsiamu miligramu 420 kwa lita, pH 7.8, naitreti sifuri, fosfeti sifuri. Mkaa wa kuchujia upo ndani ya mfuko wake nyuma ya tangi, ila nikisema kweli sijaubadilisha kwa takribani miezi minne.

Je, niongeze iodini, au nilihamishe tumbawe la ngozi? Naogopa kuligusa likiwa katika hali hii.

Nahodha wa Mutrah (Maskati) amejibu:

Assalamu alaykum, dada yangu. Pole kwa mashina uliyoyapoteza.

Nianze na tumbawe la ngozi, maana hapo ndipo watu wengi wanaposhtuka bila sababu na kutulia mahali pa kushtuka. Kujifunga peke yake si ugonjwa. Kila baada ya muda tumbawe hili huingiza polipu zake, hutoa utando ule unaofanana na nta, kisha huuvua pamoja na mwani na uchafu ulioushika, na hutoka limetakata. Kazi hiyo huchukua siku chache, pengine wiki moja na nusu, na kinachoisaidia ni mkondo wa kutosha wa kuubandua utando. Wiki tatu ni nyingi, lakini bado nisingelikatia tamaa iwapo shina limesimama imara na halitoi harufu ya kuoza. Likague shina kwenye kitako, pale linaposhikana na jiwe. Likiwa gumu kama sikio, lipo hai na linangoja.

Kinachonitia wasiwasi ni majirani. Matumbawe laini hayana mifupa ya mawe ya kujikinga, wala hayana minyiri mirefu ya kuchoma kama baadhi ya matumbawe magumu. Silaha yao ni kemikali. Tumbawe la ngozi hutengeneza sumu za jamii ya kemikali ziitwazo terpeni, na mojawapo, sarkofini, wanakemia waliitenga katika miaka ya 1970 kutoka kwa tumbawe la ngozi la Bahari ya Shamu. Tumbawe la vidole nalo lina za kwake. Baharini sumu hizo huchukuliwa na maji yasiyo na mwisho. Ndani ya lita 240 huzunguka na kurudi palepale. Wewe umeyakalisha matumbawe mawili ya namna hiyo kwa umbali wa kiganja, ukayawekea mkaa ambao pengine uliacha kunyonya chochote miezi mitatu iliyopita. Upande ulionyong'onyea ni ule unaolielekea tumbawe la ngozi, na mimi nauchukulia kuwa ushahidi ulio wazi.

Badilisha mkaa. Mimi katika tangi langu, ambalo si kubwa kuliko lako sana, hutumia gramu 100 hivi, nausuuza kwa maji safi mpaka vumbi jeusi liishe, nauweka mahali ambapo maji hulazimika kupita ndani yake badala ya kuuzunguka, na naubadilisha kila baada ya wiki tatu au nne bila kungoja dalili. Kwa leo usianze na kiasi chote, anza na nusu. Mkaa mpya huondoa rangi ya manjano iliyojikusanya majini, na maji yakitakata ghafla mwanga hupenya zaidi kuliko ulivyozoeleka. Matumbawe yako tayari yamepigwa na taa mpya, na hayahitaji pigo la pili. Taa yenyewe ishushe hadi theluthi ya nguvu yake, kisha uipandishe kidogokidogo kwa muda wa mwezi mzima.

Nyumba zetu huku hufukizwa ubani na udi, na kichujio cha povu huvuta hewa ya chumbani na kuichanganya na maji. Mimi mrija wa hewa nimeupitisha dirishani uvute hewa ya nje. Wewe uliye Hamburg, na madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, ungefanya hivyo kwa sababu nyingine: hewa iliyofungiwa hujaa kaboni dioksidi inayotoka katika pumzi za watu, na ndiyo inayoishusha pH yako mpaka 7.8. Kiwango hicho hakiui, ila ni vizuri ujue kinatoka wapi ili usije ukaanza kutia dawa za kuipandisha.

Kuhusu iodini, wafugaji wengi wa zenia huiamini. Endelea nayo kwa nusu ya kiasi ukipenda.

Fundi Maji (Toronto) amejibu:

Habari zenu. Nakubaliana na Nahodha kwa mengi, na kuhusu mkaa nakubaliana naye kabisa, lakini kwa heshima naomba kutofautiana naye kuhusu iodini, na ninaomba dada aache kuidondosha leo.

Maji ya bahari ya kawaida yana iodini, ambayo kwetu Tanzania tuliizoea kwa jina la madini joto kwenye pakiti za chumvi, kiasi cha miligramu 0.06 tu kwa lita. Ni kiasi kidogo mno. Matone machache ya chupa iliyokolezwa yanaweza kukipita mara kadhaa, na iodini ikizidi ni sumu, na ndiyo sababu hutumika kuulia vijidudu kwenye vidonda. Dada anadondosha kitu asichokipima, ndani ya maji ambayo tayari yana tatizo, kwa kufuata maandishi ya muuzaji wa chupa. Nimefanya kazi ya kusafisha maji kwa miaka 17 na sijawahi kuona tatizo la maji likitatuliwa kwa kuongeza kitu ambacho hakikupimwa. Akibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki kwa chumvi nzuri ya matangi, iodini inayohitajika huingia humo humo.

Jambo la pili ni zile sifuri mbili, ambazo mwenyewe kaziandika kama mtu anayeonyesha cheti. Ndani ya tishu za zenia, za tumbawe la ngozi na za tumbawe la vidole wanaishi mwani wa seli moja wanaotengeneza chakula kwa mwanga na kukigawana na mwenyeji wao. Mwani hao wanahitaji naitrojeni na fosforasi, kama mahindi yanavyohitaji samadi. Ukiwaondolea fosfeti yote katika wiki ileile uliyowaongezea mwanga, umewataka wafanye kazi kubwa zaidi huku umewanyima chakula. Zenia huumia haraka zaidi, kwa kuwa hazijulikani kwa kukamata vipande vya chakula, na tegemeo lao kubwa ni mwani wao na kile kilichoyeyuka majini. Naitreti kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1 ndiko ambako mimi nimeyaona matumbawe laini yakinenepa. Huo mwani wa kijani kwenye kioo ulikuwa ishara kwamba tangi linalishwa. Ungeufuta kwa sumaku yako ya kusafishia kioo ukaendelea na shughuli zako.

Ziondoe chembechembe za fosfeti, na uwaongezee samaki mlo mmoja mdogo kwa siku. Usinunue chupa ya kutia fosfeti kwa sasa. Samaki watakufanyia kazi hiyo taratibu, na utaratibu ndio unaohitajika hapa.

La tatu nimesita kulisema kwa sababu ni swali, si jibu. Refraktomita yako uliisawazisha kwa kitu gani? Watu wengi hutumia maji yaliyotoneshwa, wakaona sifuri inasoma sifuri, wakaridhika. Chombo kinaweza kusema kweli kwenye sifuri na kusema uongo kwenye 35. Tena refraktomita nyingi za bei nafuu zimechorwa kwa ajili ya chumvi ya mezani iliyoyeyushwa, ambayo huupinda mwanga tofauti kidogo na maji ya bahari, na hilo peke yake hukupotosha kwa zaidi ya kipimo kimoja kwa elfu. Nunua kichupa cha maji ya kusawazishia yenye chumvi ya 35 kwa elfu, dondosha tone moja juu ya kioo cha refraktomita, ngoja nusu dakika lipate joto la chombo, kisha utuambie linasoma ngapi.

Binti wa Pangani amejibu:

Ndugu Nahodha, ndugu Fundi, nawashukuru sana. Chembechembe nimezitoa jana usiku, iodini nimeifunga kabatini, taa nimeishusha, na nusu ya mkaa mpya imo. Shina la tumbawe la ngozi nimelipapasa, ni gumu wala halinuki.

Kichupa cha kusawazishia kimefika leo. Maji ya 35 yanasoma 38. Nimerudia mara nne. Kama nimehesabu vizuri, kwa miezi yote hii maji yangu yalikuwa karibu na 31, si 34. Nimesikitika sana, kwa sababu kila juma nilikuwa napima kwa uangalifu na kuandika kwenye daftari.

Je, niyapandishe mara moja kwa kubadilisha maji mengi?

Fundi Maji (Toronto) amejibu:

Hapana, dada, tafadhali usifanye hivyo. Matumbawe laini ni maji matupu yaliyofungwa ndani ya tishu, na hayana namna ya kuzuia chumvi ya nje isiingie wala maji yao yasitoke. Yanalazimika kufuatana na maji yanayoyazunguka. Yamekaa katika 31 kwa muda mrefu na yakaishi. Kinachoua ni mruko.

Njia rahisi ni hii. Kila siku tangi lako hupoteza maji kwa mvuke, labda lita tatu, na mvuke huondoka bila chumvi. Kwa kawaida unafidia kwa maji safi yasiyo na chumvi. Kwa siku kadhaa fidia kwa maji yenye chumvi ya 35 badala ya maji safi, na chumvi itapanda polepole bila wewe kumwaga chochote. Lita tatu za maji hayo huongeza chini ya nusu ya kipimo kwa siku, kwa hiyo tarajia siku tisa au kumi. Pima kila asubuhi kwa kutoa zile tatu ambazo chombo chako huzidisha, au bora zaidi kigeuze skrubu yake mpaka yale maji ya kichupa yasome 35. Ukifika 35, rudi kwenye maji safi.

Daftari lako usilitupe. Namba zake bado zina faida, mradi ujue zote zilizidi kwa kiasi kilekile.

Mzee wa Mbizi (Watamu) amejibu:

Binti yangu, nimesoma mazungumzo haya yote na nimefurahi kuona vijana wanaulizana kwa utulivu. Mimi sina tangi. Nimepiga mbizi katika pwani hii tangu ujana wangu, na hayo mnayoyafuga nimeyaona yakiwa kwao, kwa hiyo nitasema niliyoyaona.

Tumbawe la ngozi tunalikuta kwa wingi kwenye maji ya kina kifupi nyuma ya mwamba, mahali penye mawimbi yaliyokwisha kuvunjika. Maji bamvua yakitoka sana, mengine hubaki kwenye vidimbwi au hata juu kabisa, yamekunjamana na kulala kama ngozi mbichi iliyotupwa, jua likiyapiga. Maji yakijaa huinuka tena. Ndiyo maana nasema usiliogope likijifunga. Lakini tazama pia kwamba kule mkondo hauachi kubadilika: maji yakijaa huenda huku, yakitoa hurudi kule, na upepo wa kusi au kaskazi huongeza wake. Sijaliona likistawi mahali ambapo maji yanalipiga upande mmoja siku zote. Kama pampu yako inalielekea moja kwa moja, igeuze ipige kioo kwanza, ili maji yarudi yakiwa yametawanyika na polipu ziyumbe kama majani ya bahari, zisilazwe chini.

Lingine, chukua tochi usiku, saa mbili baada ya taa kuzimika, uchunguze kofia na shina pande zote. Huku kwetu tumbawe la ngozi lina adui wake, kauri mweupe mkubwa kama yai ambaye nyama yake inayofunika gamba ni nyeusi yenye vidoadoa vyeupe, na ukimkuta juu ya tumbawe, chini yake utaona pameliwa. Tangi lako halina huyo, maana usingeshindwa kumwona. Lakini wapo konokono wasio na gamba, wadogo na wenye rangi ileile ya tumbawe wanalolila, ambao husafiri na vipande vya kununua. Ukiona alama za kuliwa zinazohama kila usiku, watafute hao kwanza kabla ya kuyalaumu maji.

Kidole kilichokuwa cheusi kikate. Tumia wembe mpya, ukate kwenye nyama nzima chini ya pale palipooza, ufanyie kazi hiyo ndani ya beseni la maji ya tangi na si ndani ya tangi lenyewe, kisha ukisuuze kidonda kwa maji hayo kabla ya kulirudisha. Ukikisubiri, uozo utashuka hadi kwenye shina.

Na mikono yako uifunike kwa glavu, na macho kwa miwani. Umetaja vifungo, na hilo limenifanya niandike hata kama hukuniuliza. Baadhi ya jamaa za vifungo hivyo wana palitoksini, sumu ambayo wanakemia waliitenga Hawaii mwaka 1971 na ambayo ni miongoni mwa sumu kali zinazojulikana kutoka kwa viumbe wa bahari. Usiwasugue kwa brashi jiwe likiwa nje ya maji, usiwakate bila kinga, na usiwahi kumwagia maji ya moto jiwe lenye vifungo au kulichemsha kwa nia ya kulisafisha, kwa sababu mvuke wake umewafikisha watu hospitalini pamoja na wote waliokuwa ndani ya nyumba.

Nimeshukuru pia uliposema hakuna kilichotolewa baharini. Hapa Watamu na Malindi bahari imelindwa kwa hifadhi tangu mwaka 1968, na bado kila mwaka namkuta mtu na kipande mfukoni.

Binti wa Pangani amejibu, baada ya wiki sita:

Shikamoo, Mzee, na ndugu zangu wawili hamjambo. Nilichelewa kwa makusudi, kwa kuwa sikutaka kuandika habari njema ya siku mbili.

Chumvi imefika 35 baada ya siku kumi na imetulia hapo. Naitreti ni 5, fosfeti ni 0.06. Mwani umerudi kwenye kioo nami naufuta. Siku ya kumi na moja, baada ya kuigeuza pampu ipige kioo, utando wa tumbawe la ngozi ulianza kubanduka pembeni, ukachanika vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, na siku mbili baadaye polipu za kwanza zilichomoza ukingoni mwa kofia. Sasa zimetoka zote. Niliponyoosha mkono kulihamisha, lilijifunga tena kwa siku tatu, kisha likafunguka. Limekaa pembe ya kulia, sentimita 35 kutoka kwa tumbawe la vidole, mahali ambapo maji yanayolipita huenda moja kwa moja kwenye mkaa. Mkaa nimeubadilisha mara mbili.

Tumbawe la vidole lilipoteza kidole kimoja kwa wembe na kidonda kimefunga. Kwa tochi sikukuta konokono. Zenia zimebaki mashina manne tu. Kwa wiki tatu yalisimama bila kutikisika, nikawa nayatazama kila jioni nikirudi kazini. Jumamosi iliyopita saa tano asubuhi shina moja lilifumba na kufumbua, likangoja, likarudia. Leo yote manne yanafanya hivyo, ingawa alasiri niliyaona yametulia tena na moyo ukanishtuka.

Ninalo swali la mwisho. Muuzaji mmoja ameniletea picha ya tumbawe laini la waridi kama ua la bustanini, lenye shina linaloonyesha miiba midogo myekundu ndani yake, na anasema halihitaji mwanga hata kidogo, kwa hiyo ni rahisi kulitunza. Ninayo kona yenye kivuli chini ya mwamba. Mnaonaje?

Nahodha wa Mutrah (Maskati) amejibu:

Alhamdulillahi. Kuhusu utulivu wa alasiri usishtuke. Watafiti waliozichunguza jamaa za zenia kule Eilat, katika Bahari ya Shamu, wakachapisha kazi yao mwaka 2013, waliona kwamba hufumba na kufumbua usiku na mchana isipokuwa mapumziko mafupi, ambayo mara nyingi huangukia alasiri. Walionyesha pia kwamba mwendo ule unaisukuma mbali oksijeni inayojikusanya juu ya minyiri, na hivyo mwani wa ndani huweza kuendelea kutengeneza chakula. Shina lako lililoanza tena saa tano asubuhi lilianza wakati ule mwanga ulipolipatia sababu ya kufanya hivyo.

Kuhusu ua la waridi namwachia Mzee.

Mzee wa Mbizi (Watamu) amejibu:

Marahaba, binti yangu. Usilinunue.

Ni kweli halihitaji mwanga, kwa sababu halina mwani ndani yake. Maana yake ni kwamba kila chembe ya chakula chake lazima iletwe na maji. Mimi nimeyaona yakining'inia chini ya miamba na kwenye kuta zenye mkondo mkali, mkondo ukisimama yananywea, ukianza yanavimba na kufunguka. Wataalamu walioyachunguza katika Bahari ya Shamu walionyesha mwaka 1995 kwamba yanakula mimea midogo inayoelea majini, na huila karibu mfululizo. Ukitaka kulilisha hivyo ndani ya lita 240, utatia chakula mchana na usiku mpaka uyachafue maji uliyoyahangaikia kwa wiki sita. Usipolilisha hivyo, litapungua taratibu kwa miezi, likiwa bado zuri machoni, mpaka siku moja utakuta shina limelala. Muuzaji amekueleza nusu ya habari.

Kwa kona ile yenye kivuli, mwombe mfugaji mwenzako tawi la Capnella, ambalo nimeambiwa wafanyabiashara wa kwenu huliita mti wa Kenya. Huridhika na mwanga mdogo, na hujizidishia lenyewe kwa kuangusha vitawi vinavyoshika popote vinapotua. Kwa hiyo liweke juu ya jiwe lililojitenga, na kila wiki ukague mchangani usije ukakuta kitawi kimejipandikiza ubavuni mwa mashina yako manne ya zenia.